Mama Yetu, Fundi Ukuta wa Trela

Mwaka umetimia, Mama, nasi bado tumepigwa na butwaa. Siku ile uliingia nyumbani kwa miguu yako mwenyewe, ukaomba chai, ukatuchekesha. Chai haijapoa, ukawa umetutoka.

Ghalani walikuita Fundi Ukuta, kwa kuwa vifurushi ulivyopakia wewe vilisimama ndani ya trela kama matofali yaliyopimwa kwa timazi. "Kizito chini, chepesi juu, na cha kuvunjika usikibebeshe wenzake," ulikuwa ukisema. Sheria hiyo ukaileta mpaka nyumbani: kabati la vyombo, masanduku ya nguo, hata mito ya kochi. Baba akikukuta unapanga, aliuliza, "Mke wangu, hili kochi linasafiri lini?" Nawe ukamjibu, "Likijaa. Kaa upande ule, wewe ni mzigo mzito."

Ulikuwa mkali wa maneno, mwepesi wa huruma. Ukikuta kifurushi kimeandikwa kwa mwandiko wa mtoto, ulikiweka mahali kisibanwe. "Huyu kamtumia bibi yake," ulisema, kana kwamba umeambiwa.

Siku ile trela lilifika limepakiwa ovyo huko lilikotoka. Hayo hukutuambia wewe. Tuliyasikia hospitali, kutoka kwa mwenzako wa zamu, yule dada mwembamba mliyemwita Kijiti, aliyekuja mbio angali amevaa glavu za kazi.

"Niliinama kuvuta boksi la chini," alisema, "mzigo wote ukaanza kuniinamia. Fundi akanisukuma nikaangukia nje. Nilipogeuka, yeye ndiye aliyekuwa chini ya maboksi. Tukamfukua. Akainuka, akajikung'uta, akasema, 'Pole ya nini? Mimi si yai.' Msimamizi akamtaka aende hospitali. Akasema anapita kwanza nyumbani kubadili nguo."

Kumbe ulikuja kubadili nguo, Mama! Sisi ulituambia umechoka tu. Kitindamimba wako alikuona umeshika ubavu, akakuuliza una nini. "Uzee unabisha hodi," ulimwambia, "usiufungulie." Tukacheka, nawe ukacheka. Kisha ukaegemea ukuta, kikombe kikakudondoka.

Baba alikubeba mpaka kwenye gari la jirani, akikuita kwa jina ambalo sisi wanao hatukuwahi kulisikia. Daktari alisema bandama lilipasuka, damu ikawa inavujia ndani kwa ndani. Sisi hatukuona hata tone.

Ajali haina kinga, walituambia waliokuja kutuhani. Masikio yamesikia, moyo umegoma. Ghalani sasa mlango wa trela haufunguliwi mpaka mtu achungulie kwanza mzigo umekaaje. Tunashukuru. Lakini mbona wewe, uliyejua kupanga, uangukiwe na mpango wa mwingine?

Kijiti alikuja baada ya mazishi, akasimama kizingitini, analia, hathubutu kuingia. Ndipo Bibi, mama yako mzazi, akajikongoja mpaka mlangoni, akamshika mkono.

"Ingia," alimwambia. "Mwanangu hakukuokoa ili ubaki nje."

Tangu siku hiyo ni ndugu yetu.

Wanaokukumbuka ni mumeo, mama yako mzazi, wanao watatu, kaka yako, wifi na mashemeji, wenzako wote wa zamu, na Kijiti, ambaye Bibi amesema ahesabiwe miongoni mwa wanao.

Umetutoka machoni, Mama. Mioyoni hutoki.