Watu Wawili, Namba Moja

Llano Corozo,
Azuero, Panama.
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2003.

Mpendwa mdogo wangu Yariela,

Pokea salamu zangu za moyoni, na za nyumba nzima inayokukumbuka kila tunapoketi kula. U hali gani huko Valencia? Kile kikohozi kilichokushika Januari kimekuachia? Na yule bibi unayemtunza, bado anagoma kula mpaka umwimbie? Sisi huku hatujambo, Mungu ametuweka. Kiangazi kimekaza, ng'ombe wamebaki mbavu, na upepo unatulisha vumbi asubuhi na jioni, lakini afya tunayo.

Mama magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Koti ulilomtumia lilifika salama. Nilimwambia ni la baridi, na baridi huku tunaijua ya jokofu tu. Hakunisikia. Jumapili iliyopita alilivaa kanisani, akakaa nalo misa yote jasho likimtiririka, mradi Bi Clotilde alione. Bi Clotilde aliliona. Mama alirudi amelowa, na furaha yake sijui nikueleze vipi.

Mimi bado niko na sindano yangu. Ninadarizi pollera ya bibi harusi wa Guararé, gauni zima maua ya zambarau, nayo inanimaliza macho. Ikiisha nitakutumia picha.

Sasa nije kwa mwanao, maana najua umerukaruka mistari hii yote kumtafuta yeye. Uliniuliza kwa simu kama Abdiel anacheza, na kadi ikaisha kabla sijajibu. Ni afadhali iliisha, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na linahitaji karatasi.

Mwezi wa Desemba walimpandisha timu ya besiboli ya wakubwa, hilo unalijua. Ambalo hulijui ni kwamba tangu ligi ianze Januari alikuwa anasugua benchi. Si kwamba hawezi. Mazoezini walikuwa wakimwangalia midomo wazi. Shida ni kwamba yeye anacheza pale kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali mpira unapokuja kwa hasira kuliko kwingine kote, na pale pana mwenyewe. Mwenyewe ni mume wangu. Ovidio ameishika namba ile tangu kabla hajanioa, na katika mji huu mtu mwingine akisimama pale wazee wanaona kama madhabahu imehamishwa.

Basi fikiria nyumba yangu, Yariela. Watu wawili wanaogombea namba moja wanakula meza moja, na sahani zao nazipakua mimi. Ovidio ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kushika glavu, tangu ulipomwacha kwetu akiwa na meno ya maziwa. Wanapendana, wala usije ukafikiri vinginevyo. Lakini wakati wa chakula nilikuwa nasikia vijiko tu.

Kocha siku hizi ni Dídimo, yuleyule aliyekuwa akikukanyaga miguu kwenye ngoma za sikukuu ya Santa Librada. Alicheza na Ovidio miaka mingi na anampenda kama ndugu. Kila aliyemwuliza habari za vijana alimjibu kwamba na yeye alisubiri zamu yake, nao wasubiri. Na kweli, jina la Ovidio linajaza viti. Watu wanatoka mpaka Pedasí kumtazama, na wauza nyama choma wanamwombea maisha marefu.

Wiki moja kabla ya kanivali Abdiel alinifuata nikiwa nashona. Akaniambia kwa adabu yake ile kwamba kanivali ikiisha atakwenda mji mkuu, kuna rafiki yake amempatia kazi ya kupakia mizigo ghalani. Nikamwuliza mpira je. Akanijibu, “Mama mkubwa, mpira haunitaki.” Akaondoka kwenda kuwanywesha ndama. Nilijichoma sindano mara mbili, na maua ya yule bibi harusi yakapata doa ambalo sasa nimelifunika na jani.

Nilimwambia Ovidio. Nilitegemea ataumia, kumbe alikasirika. Alisema namba haigawiwi mezani kama wali, anayeitaka aje aichukue, na kwamba yeye hakuachiwa na mtu. Akalala ameupa ukuta uso. Nami nikaupa ukuta wa pili.

Jumamosi iliyofuata tulicheza nyumbani. Mpira ulipigwa chini, si wa ajabu, ule ambao Ovidio wa zamani angeuchukua huku anapiga mluzi. Alichelewa. Ukapita kwenye ncha ya glavu yake ukaenda zake. Na unajua watu walifanya nini? Walisimama wakampigia makofi, kwa sababu alijirusha chini na shati likajaa udongo.

Alirudi nyumbani hakugusa chakula. Akakaa kwenye bembea ya barazani, nami nikaketi karibu yake kuchambua njegere. Akaniambia, “Querube, leo wamenishangilia kwa mpira nilioukosa.”

Nikaendelea na njegere zangu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Dídimo, na Dídimo mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, huku akinilaumu mimi kana kwamba ndimi niliyemtuma. Ovidio hakwenda kuiacha namba. Alikwenda kutaka yeye na Abdiel wapimwe pamoja, uwanjani, mbele ya timu nzima, mipira ileile kwa wote wawili, na kocha aseme anachokiona na si anachokikumbuka. Dídimo alimwambia amelewa kabla ya kanivali. Ovidio akamwambia yule mtoto akipakia mizigo mji mkuu, mwaka ujao na mwaka wa baadaye atamweka nani pale, sanamu ya Ovidio?

Kazi ikawa kwa Abdiel. Kijana wako ana kiburi, na sitaki uniulize kakirithi kwa nani. Alisema hataki kuhurumiwa. Hapo jikoni, mimi nikiwa katikati na mwiko mkononi, aliongea na baba yake mkubwa kama mwanamume na mwanamume.

“Usiniachie, Baba mkubwa. Ukiniachia nitajua.”

“Nani amekwambia nakuachia?” Ovidio akamjibu. “Kula vizuri. Nitakutoa jasho mpaka umwite mama yako.”

Hapo wote wawili wakacheka, na Mama kutoka chumbani akauliza kuna nini. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu Krismasi.

Walipimwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresma, baada ya misa. Nilisema siendi, nikaenda. Nusu ya mji ilikuwapo. Dídimo aliwapigia mipira mwenyewe, mmoja huyu, mmoja yule, kushoto, kulia, mifupi, mirefu. Sitakudanganya kwa kuwa ni mwanao: kwa gongo Ovidio alimshinda waziwazi, mipira yake ilikuwa inaanguka kule penye miti ya korosho. Lakini chini, dada, kwa miguu na mikono! Abdiel alikuwa anafika kabla ya mpira. Mmoja aliuchukua kwa mkono mtupu akaurusha besi ya kwanza huku bado anaanguka, na watu wakapiga kelele. Nilimtazama Ovidio. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anatabasamu, na alikuwa anaumia, yote kwa pamoja.

Dídimo akatangaza kwamba Abdiel ataanza dhidi ya Sabana Larga, mechi moja, aonekane. Ovidio akasema palepale kwamba mechi moja si nafasi, ni mtego. Mtoto atacheza kila mpira akiwa na hofu ya kutolewa. Wakabishana mpaka wauza juisi wakafunga. Mwisho Dídimo akasema “tutaona”, ambalo ni neno la mtu asiyetaka kuona.

Siku ya Sabana Larga nilikaa mahali pangu pa siku zote, nyuma ya benchi letu. Kabla ya mechi kuanza Ovidio alikuja kwenye wavu akanipitishia mfuko, akaniambia nimshikie, nisiufungue. Nikadhani ni nguo chafu. Nikauweka magotini.

Mungu wangu, mwanao! Mpira wa kwanza uliomjia ulimgonga kifuani ukaruka. Wa pili aliushika vizuri, akaurusha juu ya kichwa cha mtu wa besi ya kwanza, mpaka kwenye magari. Sabana Larga wakapata pointi mbili. Na hapo watu wakaanza. Mmoja akapaza sauti, arudishwe shule. Mwingine akamwambia mama yake yuko Uhispania, amfuate akafutwe kamasi. Nilimjua huyo kwa sauti. Nimemwambia mke wake kwamba ile blauzi yake nitaimaliza mwakani.

Halafu uwanja mzima ukaanza kuita jina la mume wangu, huku wakipiga mbao kwa miguu.

Dídimo akageukia benchi. “Ovidio, ingia.”

“Siwezi,” Ovidio akasema.

“Unaumwa?”

“Sina viatu.”

Akanyoosha miguu mbele yake ili kocha aione. Peku, vidole kumi vyote nje, na soksi amezikunja vizuri pembeni. Mimi ndipo nilipofungua ule mfuko. Viatu vya mechi, vyote viwili, na harufu yake. Dídimo akaniona nao. Akaja kwenye wavu akaniamuru nivipitishe. Nikaukumbatia ule mfuko kifuani nikamwambia kwamba mume wangu amenituma nimshikie, hakunituma nimpe mtu.

Alitutukana wote wawili kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika Juma Kuu. Lakini mwamuzi alikuwa anangoja, na mtu mwingine wa kuiweza namba ile hakuwapo. Abdiel akabaki.

Ovidio akasimama peku pale mbele ya benchi, kokoto zikimchoma, akamwita. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu, “Hakuna anayekuja kukutoa. Cheza.”

Sisemi kwamba baada ya hapo malaika walishuka. Mpira uliofuata ulikwenda kwake, mkali, ukaruka vibaya kwenye jiwe, naye akaushika karibu na shingo, akaurusha sawasawa. Mingine iliyokuja aliishughulikia, na kwa gongo hakugusa kitu siku nzima. Tulishindwa kwa pointi moja. Watu walirudi makwao wananung'unika, na mfanyabiashara mmoja wa nyama alinitazama kana kwamba nimemwibia.

Mimi nilikaa na wasiwasi kwamba Dídimo angemtoa mechi iliyofuata. Hakumtoa. Alikuja nyumbani katikati ya wiki, akala sahani mbili za supu yangu ya sancocho, kisha akasema kwamba mtu mwenye hofu asingeushika ule mpira wa jiwe. Akamwambia Abdiel namba ni yake mpaka ligi iishe, akosee asikosee, na mwakani wataigombea tena yeye na yeyote atakayekuja. “Na huyu mwendawazimu,” akamwonyesha Ovidio kwa kijiko, “atakuwa anaingia kupiga gongo tukibanwa, kama atakubali kuvaa viatu.”

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwanao amecheza mechi zote tangu hapo. Amekosea na amepatia, ila anapatia zaidi, na sasa hata gongo linaanza kumsikia. Habari za ghalani hazitajwi tena. Wiki iliyopita Dídimo alimwingiza na mvulana mwingine, mrushaji wa kutoka La Palma mwenye masikio makubwa, na yeye pia aliwahi kusugua benchi mpaka suruali ikang'aa. Bado wapo wazee wanaosema timu imegeuzwa chekechea. Wacha waseme. Sasa tuko nafasi ya tatu kwenye ligi, na hatujaishika tangu Baba alipokuwa hai.

Ovidio kuna siku anapata huzuni, sitaki ufikiri ilikuwa rahisi kwake. Kuna asubuhi namwona anajitazama mikono. Lakini sikiliza jambo hili, mdogo wangu. Tangu niolewe sijawahi kutazama mechi na mume wangu, kwa kuwa siku zote yeye alikuwa ndani na mimi nje. Sasa mechi nyingi Dídimo hamhitaji mpaka mwishoni, basi anatoka kwa siri, anakuja kukaa na mimi juu ya mbao, tunagawana karanga. Anamtukana mwamuzi kuliko mlevi yeyote. Na mpira ukipigwa kuelekea kwa Abdiel, anaukamata mkono wangu, anaubana mpaka pete inaniingia kwenye mfupa, na hauachii hadi mpira ufike besi ya kwanza. Inaniuma, Yariela, na sijamwambia, nisije nikamfundisha kuniachia.

Mama anakusalimu na anauliza kama kuna kofia inayolingana na koti. Kompadre wetu wa ubatizo, Toribio, anakusalimu, ng'ombe wake mweupe kazaa. Bi Clotilde naye anakusalimu, kwa shingo upande. Ovidio anasema usiwe na wasiwasi juu ya mtoto, ila ule, maana kwenye picha umekonda. Abdiel anakuandikia karatasi yake mwenyewe, nami sijaisoma, ingawa ameiacha wazi mezani tangu asubuhi.

Santa Librada akutangulie kila uendako, akulinde na baridi ya watu na ya hewa, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko barua inavyoweza kubeba,

Querube