Shimo la Udongo Mweupe

Jumatatu, 3 Machi 1958
Gilgil. Nimerudi kwenye shimo — miaka mitano! Zamani nilikuwa karani hapa, kampuni ikichimba udongo mweupe. Kampuni imefunga. Sasa mimi ni mpimaji wa Idara ya Kilimo, nipange jinsi ya kulifukia na kupanda kabla ya mvua. Futi sitini kwenda chini. Weupe huo hauotishi kitu. Itabidi kuleta udongo mweusi kwa lori, nyasi kwanza, miti ya miwati baadaye.

Ukuta wa kaskazini sikuupima. Nilisingizia jua.

Jumanne, 4 Machi
Bwana Pike, mkubwa wangu, ametazama ramani. Mbona huku kaskazini wazi? akauliza. Halafu akafurahi: tingatinga liangushe ukuta huo, shimo lijae. Kazi ya siku mbili, basi.



Alhamisi, 6 Machi
Kuna mwanamke ukingoni. Odero, dereva wa tingatinga, anasema huja kila siku tangu atoke kizuizini. Jina lake Wangu. Mumewe Waithaka alikuwa mchimbaji hapa, akatoroka '53, akaingia msituni na wapiganaji. Ndiyo maana askari walimchukua mkewe, wakachoma nyumba.

Hakutoroka.

Niandike, hakuna asomaye. Mwaka ule ukuta wa kaskazini uliporomoka saa tisa mchana, Waithaka akiwa chini yake. Vumbi jeupe, hatuonani. Tuliita. Nyapara akasema tukichimba utashuka wote. Jioni meneja akaja mezani kwangu: andika ametoroka, Wakikuyu wanatoroka kila siku, nani atauliza? Nikaandika. Mkono wangu huu. Kazi ilikuwa mpya, mke wangu Naliaka alikuwa na mimba — si sababu!

Jumamosi, 8 Machi
Yule mwanamke wa ukingoni amenisalimia. Hakunitambua.

"Mtapanda nini hapa, bwana?"

"Nyasi, mama."

"Vizuri. Mbuzi watakula." Akakiweka sawa kikapu chake cha kiondo mgongoni. Kisha: "Watoto wanaambiwa baba yao ni gaidi. Mimi nashangaa tu. Kama yuko hai, hata kuchungulia watoto?"

Nikasema pole. Pole!

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikuimba. Nikifumba macho ni vumbi, na sisi tunaita.

Jumatatu, 10 Machi
Saa mbili asubuhi Odero aliwasha tingatinga. Nilikwenda nikasimama mbele. Akapiga kelele, toka, una wazimu? Sikutoka. Bwana Pike akaja mbio. Nikamwambia: Waithaka yuko chini ya ukuta huo, na mimi ndiye niliyeandika ametoroka. Alinitazama kama mtu asiyenijua. Akaamuru kazi isimame, nikae ndani ya gari lake, nisiongee na mtu. Amekwenda kupiga simu — polisi, au kampuni, sijui.

Naandika humu garini.

Odero amepanda ukingoni. Anaongea na Wangu, ananyoosha kidole huku. Kiondo kimeanguka. Hakiokoti.

Mwanamke anateremka kuja kwangu. Haraka, anateleza, anainuka — mweupe hadi magotini. Angekuja polepole!

Anagonga kioo. "Karani," anasema. Karani! "Fungua."

Nafungua