Nani Atatangulia na Picha ya Mama

Soko la Samaki, Xuejia,
Tainan.
6 Mei 2018

Mpendwa Kaka Jung-te,

Hujambo huko Toronto? Theluji imewaachia? Na mgongo wa wifi Hsiu-lan unaendeleaje? Sisi wazima kwa kadiri yetu. Mama mdogo A-luan anasumbuliwa na magoti, ila mdomo wake hauumwi kitu. Baridi ya Februari iliua samaki mabwawani, mwatiko, samaki wetu wa kuuza, amepanda bei, na wateja wananitazama kama vile baridi niliileta mimi.

Masomo yangu ya kupiga picha za eksirei yanakwenda. Asubuhi nauza samaki, mchana nakaa darasani na watoto waliozaliwa mimi nikiwa tayari nafunga hesabu za meza yetu ya sokoni. Mifupa na viungo nimepata tisini na moja. Namna mwili unavyofanya kazi, sabini na nne. Histolojia imeniangusha: hamsini na nane, na kufaulu ni sitini. Unawekewa chini ya darubini kipande cha nyama chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unaulizwa kama ni ini au figo. Vyote vya waridi, Kaka! Nitarudia mwezi ujao.

Sasa nakuja kwa Mama. Najua hutaki, lakini soma.

Tangu ulipokata simu ukisema nimeutoa mwili wa Mama kwa chuo cha udaktari ukapasuliwe kama samaki, hujaniandikia hata neno. Nami nilinyamaza. Leo nimechoka kunyamaza.

Kabla hawajaugusa mwili wake, wanafunzi wanne wa udaktari wanaojifunzia kwake walikuja nyumbani kumjua kupitia sisi, kama ilivyo desturi. Walikaa kwenye vile vigoda vya plastiki ulivyokuwa ukifanyia kazi zako za shule. Wanamwita Mwalimu. Mama yetu, aliyeishia darasa la tatu! Mmoja wao, Po-hsun, mrefu hadi anagonga kichwa mlangoni, akauliza, "Mama mdogo, Mwalimu aliionaje hii kazi yetu?"

Mama mdogo akamwekea bakuli la uji wa mwatiko. "Alisema mwatiko ana miiba mia mbili ishirini na mbili, na binadamu ana mifupa mia mbili na sita tu. Mkishindwa na huyo binadamu, msije kujaribu kuuza samaki."

Wakacheka wote, kisha yule mrefu akaanza kulia juu ya bakuli.

"Kula, wewe," Mama mdogo akamwambia. "Uji chumvi umeshatiwa."

Mwezi uliopita, kwa kuwa wanajua ninachosomea, walinionyesha picha za eksirei alizopigwa kabla hawajaanza. Mtulinga wake wa kushoto, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulivunjika zamani ukajiunga wenyewe, ncha moja imepanda juu ya nyingine. Nilijua mara moja ni lini. Ni ule mwaka alipoanguka na pikipiki na makapu, wewe unajiandaa kwa mtihani wa chuo kikuu. "Bega limechoka tu," alisema, na kesho yake alikuwa mezani anatoa miiba. Mfupa uliopumzishwa haujiungi vile. Mimi nilisimama kulia kwake mezani miaka kumi na tisa, na bega la kushoto sikuligundua.

Na ile fomu ya kutoa mwili wake alitia sahihi mwenyewe. Mimi nilikuwa shahidi tu. Karani alimuuliza kama watoto wake wanajua. "Huyu anajua," akasema. "Yule wa mbali nitamwambia mwenyewe."

Jumapili ile alikupigia, nimekaa pembeni yake. Ulimwambia umepandishwa cheo. Mkacheka, mkaongea kweli. Alipoweka simu nikamuuliza, "Umemwambia?"

"Leo ana furaha," akasema. "Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata hakuweza tena kusema. Ndivyo alivyokuwa: bega likivunjika, limechoka; kufa kwake, habari ya wiki ijayo. Matusi yako niliyabeba kwa sababu sikutaka kicheko cha siku ile kikugeukie.

Tarehe 22 Juni wanafunzi watakuwa wamerudisha kila kitu mahali pake, wamemshona, wamemvika nguo nyeupe, na watambeba wenyewe kwenda kuchomwa. Mbele hutangulia picha yake, na anayeishika ni mtoto wa kwanza. Wameniuliza jina. Mama mdogo anasema, "Andika lako. Yule ameshakuwa Mkanada." Sijaandika.

Njoo, Kaka. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Mama mdogo nimeshamwonya. Usipokuja nitaishika mimi, sitaiacha iende peke yake. Lakini nafasi ni yako mpaka jeneza litakaponyanyuliwa.

Po-hsun anasema bega la kushoto atalishona yeye, na hatalivuta.

Nisalimie wifi, na Yen-ting, mwambie shangazi yake bado anamwekea matumbo ya samaki anayoyapenda. Mama mdogo anakusalimu, ingawa atakana. Mababu wakufungulie njia, uje salama na urudi salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu,

Pi-yun