Kaa la Moto la Mosi Mei

Doire Bán, 3 Mei 1933

Kwa dada Gobnait,

Salamu. Mimi mzima, kama inakuhusu. Kati yetu kuna ukuta wa mawe tu, lakini nakuandikia kwa sababu nikikuona uso nitakutukana.

Usiku wa kuamkia juzi mvua iliingia kwa bomba la moshi ikanizimia moto, viberiti vikalowa. Mume wangu Cormac yuko baharini, ng'ombe wangu amekauka maziwa, na mwanangu Étaín anatetemeka kwa homa. Kulipokucha nikaja kukuomba kaa la moto na kikombe cha maziwa. Ukashikilia nusu ya chini ya mlango kwa mikono miwili, ukapiga kelele majirani wakisikia: "Leo mosi Mei! Umekuja kuniibia siagi, mchawi we!"

Mimi, dada? Mimi uliyenibeba mgongoni? Sikanyagi tena kwako.

Mdogo wako,
Sadhbh

7 Mei

Sadhbh,

Salamu zimefika. Mimi si mzima. Tangu siku ile nasuka maziwa mpaka mikono inakufa ganzi, na siagi haitoki. Mama alitufundisha sote wawili: siku hiyo moto na maziwa havitoki nyumbani, maana bahati ya mwaka mzima hutoka navyo. Ulijua, na bado ukaja. Tena umeonekana kisimani kwangu alfajiri ileile, ukichota bahati ya siagi yangu. Rudisha ulichochukua.

Dada yako,
Gobnait

10 Mei

Dada,

Kisimani nilikwenda kulowesha kitambaa cha kumpoza Étaín, mwanao pia! Moto na maziwa nilipewa na mwanamke wa mahema, mpita njia asiyejua hata jina langu. Étaín yu hai, ingawa hukuuliza.

Mama alifundisha pia kwamba anayekuta siagi inasukwa lazima ashike mti wa kusukia, asaidie, ili asiondoke na bahati. Sasa nani atakuja kukushikia, nawe unawaita watu wachawi? Suka peke yako.

Sadhbh

20 Novemba

Sadhbh,

Natumai hamjambo. Nilimwona Étaín akikimbia kando ya ukuta, nikajificha. Siagi inatoka siku hizi, kidogo. Njoo ushike mti, yaishe.

Gobnait

25 Novemba

Dada,

Sote wazima. Ulinichafua mbele ya watu, sasa unataka kunisafisha jikoni kwa siri? Nitashika mti wako siku utakayonipa moto na maziwa asubuhi ya mosi Mei, majirani wakitazama. Najua huthubutu.

Sadhbh

1 Mei 1934

Mdogo wangu,

Salamu, na usicheke. Anayekuletea barua hii ni shemeji yako Tadhg. Ndoo ina makaa ya moto, jagi lina maziwa ya kwanza ya leo. Nimemwambia apite barabarani, polepole, kila mtu amwone. Jirani yetu Bi Gráinne yuko mlangoni kwake tayari, anapiga ishara ya msalaba.

Naogopa, Sadhbh. Tukikosa siagi mwaka huu tutakula viazi vitupu, nami nitakulaumu mpaka kaburini.

Jagi ni la mama. Ulirudishe mwenyewe, leo hii. Nimeshaanza kusuka.

Dada yako,
Gobnait