Mjomba wa Fremu

Wanjiru wangu,

Huku Kuresoi tuko wazima, viazi vimeota vizuri, na guka yako bado anabishana na redio. Umeuliza utundike picha gani kwa hiyo nyumba yako mpya.

Tulipooana, guka alinunua fremu dukani Bondeni. Ndani ilikuwa na picha ya mwanamume wa tai, ile inayokuja na fremu ya kuonyeshea tu. Nikamwambia aitoe tuweke yetu ya harusi. "Hata hiyo nimeilipia!" akasema, akaipigilia juu karibu na dari.

Wageni walipouliza ni nani, akaona aibu. "Ni mjomba wa mke wangu." Basi mama mkwe, mamake guka, kila akija kula anageuza kiti, eti kwa mila hawezi kutafuna mbele ya mkwe.

Juzi nikaitoa nipake ukuta rangi. Pasta akaingia, akaona pale pako wazi, akanishika mkono. "Pole sana, mama. Mjomba alituacha lini?"

Nimemrudisha. Kwa hivyo chagua polepole, mjukuu wangu, kutundika ni rahisi kuliko kutoa.

Ukija, msalimie mjomba.

Shosho wako