Jiwe Alilolitupa Shemeji

Jumanne, jioni. Mawingu yametanda tangu mchana lakini mvua haishuki.

Naogopa. Naandika hivyo kwanza, nisije nikajifanya shujaa mbele ya karatasi.

Leo tumepima kina cha shimo la zamani, lile lililofungwa wakati wa vita. Mimi ni karani wa vipimo hapa mgodini. Jiwe huachiwa, nami natazama saa mpaka nisikie kishindo. Zilikuwa sekunde tatu. Sehemu ya muda huo ni ya jiwe kuanguka, iliyobaki ni ya sauti kupanda, na kuzitenganisha kunataka mlinganyo wa x mraba, ambao shuleni nilidhani hauna kazi duniani. Nilipata majibu mawili. Moja lilikuwa hasi, nikaliacha, kwani jiwe haliwezi kufika chini kabla ya kuachiwa. La pili likanipa futi mia na thelathini na mbili. Bwana Mkubwa akaagiza kamba ya mia na arobaini, nami nikajiona msomi kweli.

Kesho anayeshushwa shimoni kwa kamba hiyo ni Masanja, mume wa dada yangu. Ndiye aliyeshika jiwe.

Tulipokuwa tunakula akaanza kutamba. "Nililitupa kwa nguvu zote, shemeji! Kudondosha tu ni uvivu."

Nikalirudisha tonge sahanini. Mimi nilikuwa nimeikodolea saa macho, mkono wake sikuuona. Mtu aliyekua akirushia mawe ng'ombe na fisi angejuaje kuachia tu? Mlinganyo wangu ulihesabu jiwe lililoanguka lenyewe. Basi shimo ni refu kuliko nilivyosema. Kamba itaishia njiani, naye ataning'inia kwenye hewa mbovu, apige kelele tusimsikie.

Nikakimbia kwa nyapara.

"Shikamoo, mzee. Naomba tupime tena."

"Marahaba. Bwana Mkubwa ameshapokea futi zako. Nikamwambie karani wake amebahatisha? Kama una shaka, kesho shuka wewe."

Nikasema nitashuka. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Sasa nimeuandika mlinganyo upya, na kasi ya mkono wa Masanja siijui. Nikiweka ndogo, kamba inatosha. Nikiweka kubwa, haitoshi. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

Nimemwambia dada kwamba mumewe hashuki kesho. Amemshukuru Mungu, akarudi kuosha vyombo.

Hajauliza anashuka nani.