Mulozi ya kidole ya tantine

Arielle, Mama Mwadi, jirani ya mama, ametoka kunielezea sasa hivi.

Unajua, mwaka 93 jiwe ya karière ya Kakontwe ilikata papa mugulu, kilonda ikakatala kupona. Infirmier wa dispensaire akasema ni ugonjwa ya sukari mu damu.

Dada ya papa, tantine Eugénie, akasimama mu chumba ya sala: "Kilonda yenye haiponake, mulozi iko mu nyumba." Mulozi, mwenye kuloga batu, njo mama. Mulozi, Arielle. Balimufukuza na kitenge moja.

Sasa sikia. Mwaka 96 tantine anafika kwa mama. Kidole ya mugulu imeoza, ni sukari ile ile.

Mama akaiosha na maji ya chumvi, polepole. Akauliza: "Unaikalaka na nani mu nyumba?"

"Niko peke yangu."

Mama akasema: "Kama kilonda haiponake, mulozi iko mu nyumba. Basi mulozi tumemujua."